Melkior Kumburu, Aliyeliuliza Ziwa

Huyu tuliyemleta leo Lipingo, mbele ya ziwa, ni Melkior Tarsisi Kumburu, ambaye Mbinga mjini wengi walimwita Fundi Boti. Alizaliwa Kigonsera tarehe 14 Aprili 1946, mtoto wa kwanza wa mzee Tarsisi Kumburu na mama Ottilia, ambao wote wametangulia. Alibatizwa hapo hapo misheni kabla mwezi haujaisha.

Mama Ottilia alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa na hofu ya mtu mzima. Akitumwa kufunga mlango wa zizi alikwenda, akarudi, akalala, kisha akaamka kwenda kuutazama tena.

"Melkior," mama alimwambia, "mbuzi wenyewe wamelala. Wewe unakesha kwa ajili ya nini?"

"Mama, wao hawajui kama mlango umefungwa."

Hakubadilika. Wengi wetu tulimcheka kwa hofu hiyo, na wengi wetu tuliendesha baiskeli na mashine zilizopita mikononi mwake bila kupata madhara, kwa sababu ya hofu hiyo hiyo.

Alianza darasa la kwanza Kigonsera mwaka 1955, akamaliza la nane mwaka 1962. Darasani hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Mwalimu akimuuliza jambo alilolijua, alisimama, akasalimu, akaomba radhi, na alipofika kwenye jibu mwenzake alikwisha kulisema. Wazee wa nyumbani walimsifu sana kwa adabu hizo. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba adabu nazo zinaweza kumgharimu mtu.

Mwaka 1963 alipokelewa kwenye karakana ya misheni, akajifunza useremala na ufundi wa injini chini ya Bruda Kilian, Mjerumani mwenye ndevu nyekundu na maneno machache. Mwaka 1969 Bruda alirudi kutoka likizo kwao akiwa na sanduku refu. Ndani yake mlikuwa na boti ya mbio yenye urefu wa mkono wa mtu, na injini ndogo kama ngumi. Boti hiyo haikupasua maji kama mtumbwi. Ilipochanganya mwendo iliinuka na kuruka juu ya maji, ikiyagusa kwa viatu viwili vya mbele na kwa pangaboi la nyuma tu. Bruda alisimama ukingoni mwa bwawa la misheni akaiongoza kwa redio aliyoishika mikononi. Melkior alipoiona ikikata kona hakupiga makofi kama wenzake. Aliuliza, "Bruda, redio ikizimika, inakwenda wapi?"

Bruda aliirudisha boti ukingoni. Kisha akasema, "Wewe nitakufundisha."

Alimfundisha kwa miaka mingi. Injini zile hazinywi petroli. Zinakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na dawa kali iitwayo nitro, na mchanganyiko wake hupimwa kwa kukaza au kulegeza sindano ndogo ya kabureta. Mafuta yakizidi, injini inakohoa na kutoa moshi. Yakipungua, inalia juu kama mbu, watu wanashangilia, kumbe inaungua ndani. Fundi hutafuta mahali pembamba katikati, na hupatafuta kwa sikio. Melkior alikuwa na sikio hilo. Alifumba macho, akakaza sindano kidogo, akalegeza, na jasho likamtoka hata asubuhi ya baridi. Pangaboi alilisugua kwa tupa, kisha akaliegemeza juu ya makali ya nyembe mbili kuona upande upi unalala, akasugua tena mpaka lisilale upande wowote.

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa takatifu na Veneranda, binti wa hapa Lipingo, ambaye alikuja Kigonsera kujifunza ushonaji. Alimtazama kwa mwaka mzima bila kumwambia neno. Mwishowe Veneranda ndiye aliyemwambia, "Kaka Melkior, kama una jambo, sema. Mimi nakaribia kumaliza kozi." Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Mektilda. Upande wa mke hakuna aliyefurahi kama Kalista, mdogo wake Veneranda, ambaye alipata shemeji wa kumtania, na hakumwacha apumzike hata siku moja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mambo yalikuwa magumu. Mafuta ya Bruda yaliisha, sabuni yenyewe ilikuwa kwa foleni, na boti ikalala kwenye sanduku lake. Bruda alirudi kwao moja kwa moja mwaka 1987, akamwachia Melkior sanduku lile na vifaa vyake vyote. Melkior akahamia Mbinga mjini, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, redio na mashine za kubangulia kahawa. Wakati huo ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia, na bidhaa zilianza kuonekana madukani. Jirani yake wa duka alikuwa Bwana Zaidi Masoudi, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Zaidi aliliona sanduku la Bruda siku moja akaingia, akakaa juu ya tairi, hakuondoka mpaka adhana ya magharibi. Mwaka 1989 alirudi kutoka Dubai na katoni begani.

"Fundi, nimeleta vitu," alisema. "Injini mbili, redio mbili, na dawa ya kuzitia wazimu."

"Bwana Zaidi, hii mali ya kuuza?"

"Kuuza kwa nani Mbinga hii? Hii ni ya mimi kukushinda wewe."

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa boti mbili zilizojulikana kuanzia Mbinga mpaka Mbamba Bay. Zote alizijenga Melkior, kwa plaiwudi nyembamba ya masanduku ya majani ya chai. Ya Zaidi iliitwa Ruksa. Ya kwake aliiandika ubavuni Taratibu, na Zaidi alicheka mpaka akashika ukuta. Boti ya mbio kuitwa Taratibu!

Spiriti ile ilimnyima Melkior usingizi, kwa kuwa ina rangi ya gongo na ni sumu, inapofua macho na kuua. Aliifungia sandukuni chumbani kwao, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Tena ilipofika tu, hata kabla ya chai, aliichanganya na mafuta ya nyonyo, maana alisema mlevi hawezi kukimaliza kikombe chenye nyonyo. Veneranda alimwambia hakuna mlevi anayejua njia ya chumbani kwao. Alijibu, "Bado."

Mbio walizifanya hapa Lipingo, wakati wa kiangazi, asubuhi kabla upepo wa mwera haujaamka. Wavuvi hawakuzipenda mwanzoni. Mzee mmoja aliuliza, "Ndani yumo nani?" Akajibiwa hayumo mtu. "Basi ndiyo maana naogopa," akasema, akavuta mtumbwi wake juu. Siku ya pili tu mtumbwi mwingine ulichomoza nyuma ya jabali lililo ukingoni, na Taratibu ikapita karibu na kafi la mwenye mtumbwi. Hakuna aliyeumia, lakini Melkior alikaa chini mchangani. Tangu siku hiyo aliweka desturi. Kabla ya kuwasha, alisimama majini akauliza kwa sauti, "Ziwani kuna mtu?" Kalista, mwenye sauti ya kuita mtu aliye kijiji cha pili, alipanda juu ya jabali lile, akatazama kulia, akatazama kushoto, na kama hakuna mtu akajibu, "Ziwa jeupe!" Bila jibu hilo injini haikuwashwa, hata kama wageni walikuwa wakisubiri.

Ilikuwapo desturi ya pili. Redio zile mbili zilikuwa pacha, na zilisema lugha moja. Zikiamka pamoja, boti haijui imsikie nani. Kwa hiyo walishindana kwa zamu, kwa kupimwa na saa, na redio isiyo na zamu ilifungwa kitambaa chekundu. Yenye kitambaa imelala, haiguswi.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 1994 watu walijaa hapa. Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kuja, na mmoja wao, mzee wa heshima kutoka mbali, alikuwa mgeni wa Zaidi. Alifanywa mgeni rasmi, akawekewa kiti. Melkior hakupata nafasi ya kumsalimu, alikuwa majini toka alfajiri akitafuta ile sauti ya injini yake. Aliuliza swali lake. Kalista alitazama, akajibu, "Ziwa jeupe, shemeji, labda uoga wako ndio unaogelea!" Watu wakacheka. Taratibu ikaondoka.

Wakati huo mpiga picha alitaka mgeni ashike kitu. Zaidi akampa redio ya pili, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimechakaa, akakifungua ili picha itoke vizuri. Mgeni akavuta waya wake juu, akabonyeza swichi, akatabasamu.

Melkior alihisi mikononi mwake kwamba boti imemkataa. Aligeuza usukani wa redio, haikugeuka. Aliangalia nyuma akaona, akajua mara moja. Alikimbia mpaka mbele ya kiti. Hapo, mbele ya mzee wa umri wa baba yake ambaye hajamsalimu toka asubuhi, neno "zima" halikutoka. Lilitoka lililofundishwa kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hujambo? Hongera sana kwa kazi nzuri."

"Sijambo, mzee. Asante, mzee. Samahani, mzee, kama hutajali, hicho ulichoshika..."

"Ndiyo, kizuri sana. Kinatoka wapi?"

Kalista alikuwa ameshuka kwenye jabali kulichukua beseni lake la dagaa wa usipa lililokuwa linavutwa na maji. Taratibu ilimfikia akiwa ameinama. Pangaboi lilimpata nyuma ya mguu wa kushoto, juu ya kisigino.

Zaidi ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa pikapu yake, huku Veneranda akiwa ameufunga mguu kwa khanga mbili. Kalista alipona, lakini mshipa wa mguu haukurudi ulivyokuwa, na toka siku hiyo anatembea na fimbo. Mgeni yule alilia kama mtoto, akaomba msamaha, na aliupata. Zaidi aliomba akapata. Melkior hakuomba, kwa sababu alisema jambo lile halina bei ya samahani; samahani ndiyo iliyolileta. Alimwambia Veneranda, "Ningekuwa mtoto asiyelelewa, Kalista angekuwa na miguu miwili mizima."

Kalista mwenyewe alilichukua kwa namna yake. Shemeji yake alipokwenda kumwona kitandani, yeye ndiye aliyeanza.

"Shemeji, wengine wanakatwa na majambazi. Mimi nimekatwa na adabu."

Melkior hakucheka.

"Cheka basi. Mguu ni wangu, mbona wewe ndiye unayechechemea?"

Tangu hapo Taratibu ilitundikwa kwenye kenchi za kibanda cha Mbinga. Kila mwisho wa juma aliishusha, akaifuta, akatia tone la mafuta ndani ya injini na kuizungusha kwa kidole isishike kutu, kisha akaipandisha. Hakuiwasha. Zaidi naye aliiweka Ruksa juu ya kabati la duka na kukataa kuiuza, ingawa walikuja watu kutoka Songea. Kitambaa chekundu Melkior alikiweka kwenye mfuko wa shati, akawa anahama nacho kutoka shati hadi shati. Mwenye baiskeli akija kuchukua baiskeli yake, alirudishwa njiani mara mbili ili breki zitazamwe tena. Hofu ilikuwa imepata ushahidi.

Mwezi wa Juni mwaka huu, mvua zile kubwa zilipokwisha na barabara kupitika, Kalista alituma salamu kwamba amechoka kungoja, na kwamba jabali linamuuliza shemeji yake. Melkior alikuja. Aliingia majini hadi magotini, Taratibu mkononi, injini imetiwa mafuta. Kalista alipanda jabalini kwa fimbo yake, pole pole, akasimama. Veneranda alikuwa ufukweni na aliona mdomo wa mumewe ukifunguka na kufungika.

"Shemeji, uliza!" Kalista aliita. "Jua linanichoma!"

"Kalista, mguu wako..."

"Mguu huu hapa, nimeusimamia. Uliza!"

Hakuweza. Aliibeba boti kwapani akatoka majini. Walipokuwa wakipanda njia ya nyumbani alimwambia mkewe kwamba siku ile aliuliza, akajibiwa kweli, na mtu akaumia vile vile. Basi swali lenyewe lina faida gani?

"Baba Mektilda," Veneranda alimwambia, "swali halikuwa na kosa. Uliliuliza ziwa, na ziwa lilikuwa jeupe. Kosa lilikuwa nchi kavu."

Aliihamishia boti kwapa la pili. Akasema, "Nitauliza mwakani."

Mwezi wa Agosti miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi zikawa fupi. Waganga wa hospitali walimpima wakasema moyo umepanuka na umechoka. Alilazwa mara mbili, akatibiwa vizuri, na familia inawashukuru wote waliomhudumia. Mwisho wa Oktoba aliomba kurudi nyumbani. Zaidi alikuja kila siku baada ya kufunga duka, akakaa naye wakizungumza habari za sindano na kabureta.

Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998, asubuhi, mvua ikinyesha, alikaa kitandani mwenyewe bila kusaidiwa. Macho yalikuwa mbali lakini sauti ilikuwa ile ya zamani, ya mtu aliyesimama majini. Akauliza, "Ziwani kuna mtu?"

Chumbani walikuwepo Veneranda na Osmund, mdogo wa marehemu. Wote wawili walilijua jibu, na wote wawili hawakulisema. Kwa miaka yote Melkior hakupokea jibu la mtu asiyeliona ziwa, na dirisha la chumba kile linatazama kahawa na mlima. Veneranda hakutaka kumdanganya mumewe saa ile. Alimshika mkono akamwambia, "Subiri kidogo. Kalista yuko njiani."

Ilikuwa kweli. Kalista aliondoka Lipingo jana yake, lakini lori lilinasa kwenye utelezi wa kupanda mlima. Melkior aliendelea kutazama mlangoni. Alisubiri, na akiwa katika kusubiri alikata roho. Kalista alifika alasiri, tope hadi magotini.

Alipoelezwa, hakulia kwanza. Aliuliza, "Aliuliza yeye mwenyewe? Kwa sauti?" Wakamwambia ndiyo. "Basi anadai jibu," alisema. "Lakini siwezi kusema ziwa jeupe nikiwa nimesimama kwenye kahawa."

Jioni wazee wa ukoo walikaa kupanga maziko ya Kigonsera, kama ilivyo haki. Veneranda, ambaye kama mfiwa alitakiwa kubaki ndani, alitoka, akasimama mbele yao bila salamu yoyote, akasema, "Melkior azikwe Lipingo." Wazee walitazamana. Ndipo akapiga magoti.

"Shikamooni, baba zangu. Nimetanguliza neno kwa sababu salamu ilikwisha kutuchelewesha mara moja."

Aliyejibu ni baba mdogo Mansuetus, mkubwa wa ukoo, baada ya kuelezwa habari ya swali na jabali. Alisema kwamba mwanamume kuzikwa ukweni ni kama kwao hakuna ardhi, na watu watasema. Kisha akauliza hilo jabali liko umbali gani na mahali pa kaburi. Akaambiwa ni karibu, linaonekana. "Marahaba," akasema mwishowe. "Apelekwe. Ila udongo wa Kigonsera utamtangulia." Ndiyo maana waombolezaji mmeona kikapu kile cha udongo mwekundu. Hofu ya baba mdogo tunaiheshimu, na kikapu hicho ndicho jibu lake.

Marehemu ameacha mjane, Veneranda, watoto watatu, Mektilda, Tarsisi na Hilda, wajukuu wanne, mdogo wake Osmund, aliyeyaandika maneno haya na anayeyasoma, shemeji yake Kalista, baba wadogo na ndugu wa Kigonsera na wa Ruanda ya Mbinga, na rafiki yake Bwana Zaidi Masoudi, aliyeileta Ruksa kuja kusimama karibu na mwenzake. Taratibu itabaki kwa Mektilda, ambaye ameomba afundishwe sindano. Kitambaa chekundu kimo kwenye mfuko wa shati la marehemu, amekwenda nacho.

Swali lake halitaulizwa tena hapa, kwa kuwa alikwisha kuuliza. Wenye mitumbwi mnaombwa muwe mmeivuta nchi kavu, na akina mama mliokuja na vyombo mtoke kwanza majini. Jeneza lisishushwe mapema. Kalista atapanda jabalini kwa miguu yake mwenyewe, asisaidiwe, asiharakishwe. Atatazama kulia, atatazama kushoto. Akimwona mtu majini atasema hivyo, nasi tutasubiri hata kama jua ni kali, maana ndivyo Melkior angefanya. Akiona hakuna mtu, atajibu.

Akishajibiwa, apumzike kwa amani.